Maji Mapya Yanaua Watoto wa Samaki

Watu wengi wanataka kufuga samaki nyumbani, na munganga anafurahi kusikia hivyo. Mtoto anayekula bugali na sombe tu, siku kwa siku, bila samaki, maharagwe, yai wala nyama, anaweza kupata bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza tena. Samaki wa tilapia ni chakula chema cha kumkinga. Lakini wengi wanaoanza kufuga wanaleta neno moja: "Niliweka maji safi katika pipa, nikatia watoto wa samaki, nikawapa chakula kingi. Kisha juma moja wote wamekufa. Nani amewaroga?"

Hakuna aliyewaroga. Walikufa kwa sababu maji yalikuwa mapya.

Sikia, ndugu. Wewe ukienda haja, unakwenda mbali na nyumba. Samaki hawezi. Anakula ndani ya maji, anakojoa ndani ya maji, na anapumua maji hayo hayo. Kila saa sumu inatoka katika mwili wake, zaidi katika mashavu yake, na sumu hiyo inaitwa amonia. Mabaki ya chakula yanayooza yanatoa amonia vilevile. Katika ziwa maji ni mengi, sumu inapotea. Katika pipa haina pahali pa kwenda. Maji yanaweza kuonekana meupe kabisa, nawe unaona chini mpaka mawe, na kumbe yamejaa sumu.

Nani atasafisha sumu hiyo? Mikrobe. Labda unashangaa, kwa maana hospitalini tunakufundisha kila siku kuchemsha maji ya kunywa ili mikrobe zife. Mafundisho hayo ni ya kweli, usiyaache. Lakini mikrobe si zote adui. Kuna aina moja inayokula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inaharibu damu ya samaki isiweze kuchukua hewa, na mashavu yake yanakuwa ya rangi ya udongo. Kisha inakuja aina ya pili, inayokula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Nitrati haina ukali mwingi kwa samaki, na majani ya maji yanaipenda kama mahindi yanavyopenda samadi.

Mikrobe hizi hazikai sana katika maji yenyewe. Zinashikamana na mawe, changarawe na kando za chombo, pahali penye hewa. Nazo zinaongezeka polepole. Tangu siku ya kwanza mpaka aina zote mbili zimekuwa nyingi, hesabu majuma manne mpaka sita. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu hawana saburi. Wananunua samaki asubuhi na chombo jioni.

Basi ufanye hivi. Tafuta nusu ya pipa la lita 200, au beseni kubwa, au kisanduku cha kioo kama unacho. Pipa lililobeba mafuta ya motokari au dawa ya shamba usilitumie hata ukiliosha mara kumi. Liweke chini ya kivuli, kwa sababu jua la saa sita linachemsha maji machache upesi sana. Tia changarawe na mawe yaliyooshwa kwa maji matupu, bila sabuni. Kama maji yako ni ya bomba la REGIDESO, yana klori, dawa inayoua mikrobe. Ni njema kwako unayekunywa, lakini inaua samaki na zile mikrobe rafiki pia. Acha maji hayo wazi siku nzima au mbili kabla ya kuyatumia.

Sasa mikrobe zinahitaji kula, na samaki bado hayupo. Kila siku tupa ndani chakula kidogo cha samaki, kiasi cha vidole viwili, kioze humo. Ukiwa na jirani mwenye kidimbwi cha samaki wazima, mwombe mawe machache kutoka ndani yake na uyalete yakiwa mabichi. Yamekwisha kuvaa mikrobe, nayo yatakupunguzia siku nyingi za kungoja. Lakini yatazame vizuri. Usilete konokono, kwa kuwa konokono wa maji wanaweza kuchukua bilharzia, na wewe utatia mikono katika maji hayo kila juma.

Maji yakikaa bila samaki, mbu watakuja kutaga. Funika pipa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Usikate chandarua chako kwa kazi hii! Kwanza, chandarua ni cha mtoto wako alalapo. Pili, vyandarua vinavyogawanywa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kali sana kwa samaki. Wengine walifunika hivyo kwa nia njema, wakaokota maiti asubuhi. Juu ya kitambaa weka fito zilizofungwa imara, kwa maana mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama hata katika maji yanayofika magotini mwako.

Majuma yakiisha, badilisha nusu ya maji, kisha tia samaki kumi tu. Watazame kwa juma moja. Wakiogelea na kula vema, ongeza wengine kumi, halafu wengine. Katika lita 100 mimi singepita samaki 50 wa urefu wa ukucha, na wakikua wapunguze. Wape chakula mara tatu au nne kwa siku, kidogo sana: pumba za mchele zilizochekechwa, au kumbikumbi waliokaushwa na kutwangwa kuwa unga. Kile wasichomaliza mara moja ni sumu ya kesho. Kila juma toa sehemu moja ya maji kati ya nne, utie mengine yaliyolala. Mawe yakichafuka, yasuuze katika maji yale uliyoyatoa, kamwe si kwa sabuni wala maji ya bomba. Mtu msafi kupita kiasi anaua mikrobe zake zote kwa siku moja, naye anarudi mwanzo.

Ukiona samaki wako juu wakifungua midomo kama wanaomba hewa, usitafute dawa. Badilisha theluthi ya maji upesi, usiwape chakula siku hiyo, na tia kijiko kidogo cha chumvi ya jikoni kwa kila lita 20. Chumvi inazuia nitriti isiingie katika damu yao.

Neno moja kwa wamama. Maji unayoyatoa katika pipa yamwagie mboga, yanazistawisha. Lakini asinywe mtu. Nitrati ile isiyomdhuru samaki inaweza kumdhuru mtoto mchanga: damu yake inashindwa kuchukua hewa, midomo inageuka kuwa ya samawati. Inatokea zaidi kwa watoto wanaopewa maziwa ya chupa yaliyochanganywa na maji ya kisima kilichochimbwa karibu na choo. Kuchemsha hakuondoi nitrati. Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu.

Samaki wakifikia urefu wa kidole, wako tayari kwenda kidimbwini. Wadogo kuliko hapo huliwa na vyura, ndege na samaki wakubwa. Ndiyo sababu tumewalea katika pipa. Watu wa Bukavu na Goma wanaokula sambaza wajue kwamba samaki huyo hakuwa wa ziwa Kivu. Alihamishwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, akiwa mtoto. Walichukua aina mbili, na moja tu ikazaa.

Siku moja kabla ya kuwahamisha wako, usiwape chakula. Wachukue asubuhi na mapema katika ndoo yenye maji ya pipa lao. Simamisha ndoo ndani ya kidimbwi nusu saa, mpaka maji ya ndani na ya nje yawe na joto moja, na uingize maji ya kidimbwi kidogo kidogo. Kisha ilaze ndoo ubavuni, watoke wenyewe.