Utaridi Haingoji Mtu

Katika sayari zionekanazo kwa jicho tupu, Utaridi ndiyo imtaabishayo mpiga picha. Haiachani na jua zaidi ya digrii 28, basi aghalabu utaiona chini kabisa, ama kabla jua halijachomoza ama likishatua. Mnazi mmoja tu mbele yako, nawe umeikosa.

Mahali pa kusimama patafutwe kwa dira tuliyo nayo siku zote. Kibla chetu Mombasa ni kaskazini karibu sawasawa. Ukikielekea, kuliani ni mawio, kushotoni machweo. Na bahari yetu iko kulia. Tarehe 21 Disemba 2020, jioni ile Mshtarii na Zohali zilipoonekana zimekaribiana mno, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kiasi hicho tangu mwaka 1623, aliyesimama ufuoni Nyali bahari ilikuwa mgongoni mwake na sayari ziko upande wa minazi na maghorofa!

Alfajiri, basi, ndiyo yetu. Mimi hupenda ufuo wa Shela, kule Lamu, nikishaziacha nyumba na taa zake nyuma. Aliyekwisha swali alfajiri hana haja ya kuamshwa na mtu. Atoke msikitini, achukue kamera na stendi yake ya miguu mitatu, ateremke pwani.

Jioni vuka Manda, usimame karibu na gati la uwanja wa ndege, uutazame mji wa Lamu ng'ambo ya maji. Sayari itashuka juu ya mapaa. Swali magharibi kwanza, maana mbingu bado nyeupe. Kazi yenyewe iko kati ya hapo na isha.

Kwetu, karibu na ikweta, sayari hushuka karibu wima, digrii moja kila dakika nne. Nyosha mkono ufumbe ngumi: upana wake ni kama digrii kumi, yaani dakika 40. Wenzetu wa Ulaya, Utaridi huwatulia kwa mshazari, imo ndani ya wekundu wa jua. Sisi huiona gizani zaidi. Lakini ikifika nusu ya ngumi hewa ni nzito, na picha hutoka na ukungu.

Nami huenda Januari na Februari, kaskazi ikivuma. Masika sijisumbui.