Mitaji Mitatu ya Mchuuzi

Huenda wewe ni mchuuzi. Huenda wewe ni mama unayevuka mpaka wa Bunagana asubuhi na maharage kichwani, ukarudi jioni na sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia kutoka Kisoro. Huenda wewe ni kijana mwenye chukudu, unachukua mizigo ya wengine. Au una duka dogo la mbao kando ya barabara itokayo Rutshuru mpaka Goma. Leo twataka kusema nawe juu ya kazi yako, na juu ya mwili ule unaoifanya.

Utauliza, "Je, biashara ni jambo la hospitali?" Naam, ni jambo la hospitali. Kichwa kinachouma kila siku, tumbo linalochoma, usingizi uliokimbia: mara nyingi mambo hayo yana habari ya sokoni ndani yake. Mganga akitibu kichwa tu, asiulize habari za deni, ametibu nusu ya mtu.

Watu wa Bunagana wajua kuanza upya

Hatuna haja ya kuwafundisha watu wa Bunagana maana ya saburi. Mwezi wa Julai 2012 vita viliingia, na M23 wakautwaa mji; jeshi la serikali liliurudisha mwezi wa Oktoba 2013. Mwezi wa Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini mama mwenye kikapu akabaki upande wake. Tarehe 13 Juni 2022 mji ulitwaliwa na M23 tena, na maelfu ya watu wakakimbilia Kisoro, wengi wakilala katika kambi ya Nyakabande. Mwaka 2025, Goma ilipotwaliwa, mabenki ya mji yalifunga milango, hata mwenye akiba hakuweza kuishika.

Kabla ya hayo, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulimwaga moto mpaka katikati ya Goma, ukafunika maduka na nyumba. Watu walirudi upesi, wakajenga juu ya mawe yale yale meusi. Hata leo ukitembea mjini wakanyaga mawe hayo.

Basi swali letu si hili, "Je, mchuuzi ataweza kuvumilia?" Ameweza. Swali letu ni hili: akianza upya, anaanza na nini? Wengi hujibu, "Na fedha." Twasema, mchuuzi ana mitaji mitatu, wala si mmoja. Wa kwanza ni fedha. Wa pili ni watu. Wa tatu ni mwili. Fedha ikipotea yaweza kurudishwa na watu na mwili. Lakini ukiwapoteza watu na kuuharibu mwili ili kuokoa fedha, nani atakuanzisha tena?

Mtaji wa kwanza: fedha

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari ndogo. Kila jioni andika mambo matatu: nimenunua kwa kiasi gani, nimeuza kwa kiasi gani, nimekula kiasi gani. Katika soko la mpakani fedha ni za namna tatu: franka ya Kongo, dola, na shilingi ya Uganda. Mtu asiyeandika aweza kufikiri amepata faida, kumbe amepoteza wakati wa kubadilisha.

Fedha ya kununua mali isikae mfuko mmoja na fedha ya unga. Ukila faida, biashara itaishi. Ukila mtaji, utafunga duka.

Tena, usiweke akiba peke yako. Likelemba mwaijua tangu zamani. Siku hizi kuna pia vikundi viitwavyo AVEC. Namna hii ilianza mwaka 1991 katika nchi ya Niger, upande wa Maradi, kati ya wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na sasa imeenea Afrika yote. Watu 15 hadi 25 wanaofahamiana hukutana kila juma. Kila mtu hununua hisa, moja mpaka tano. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mwanachama hukopa mbele ya macho ya wote na kurudisha pamoja na faida kidogo. Mwisho wa mwaka wanagawana. Kando yake kuna mfuko mdogo wa msaada kwa msiba na ugonjwa.

Lakini katika nchi yenye vita sanduku lina hatari yake. Kwa hiyo kikundi chenye akili hupatana mapema: tukisikia habari mbaya, tugawane siku gani, nani ashike kitabu, na tukitawanyika tukutane wapi. Mambo haya yapangwe siku ya amani. Siku ya kukimbia hakuna anayesikiliza.

Mtaji wa pili: watu

Tumfikirie mama mmoja muuza maharage. Tuseme alichukua magunia mawili kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara mkubwa. Kisha watu wakakimbia, magunia yakabaki nyuma, yakaibwa. Sasa amerudi. Afanye nini?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujificha. Anapita njia ya nyuma asionane na mdai wake, anazima simu, anawaambia watoto, "Mkiulizwa, semeni mama hayupo." Njia hii yaonekana rahisi siku tatu za kwanza. Baadaye mdai anasikia kwa wengine kwamba amerudi. Sasa deni limekuwa mawili: deni la maharage na deni la neno.

Njia ya pili ni kwenda mwenyewe, mapema, kabla hajaitwa. Asema, "Baba, mali yako ilipotea pamoja na yangu. Sina cha kulipa leo. Lakini sikukimbia deni. Nitaanza kukuletea kidogo kila juma la soko." Hata franka chache zikiletwa siku iliyoahidiwa, zina nguvu kuliko ahadi kubwa. Dawa ya deni ni kulipa, na pahali pa kuanzia kulipa ni kuonyesha uso. Mdai naye amepotewa. Yeye naye atafuta mtu wa kuaminika wa kuanza naye tena. Mara nyingi mtu huyo ni yule aliyekuja bila kuitwa.

Je, nyumbani? Hapa ndipo wengi huumia. Mume amekopa, mke hajui. Mke ameweka akiba, mume haambiwi. Siri hii hula usingizi wa wote wawili. Zamani sheria ya Kongo ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume ili afanye mapatano ya namna hii. Sheria ya Jamaa iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016 iliondoa jambo hilo. Sasa yawataka mume na mke wapatane. Basi patanisheni hesabu zenu. Chagueni jioni moja kwa juma, watoto wakiisha kulala, mfungue daftari pamoja. Asiwepo wa kumhukumu mwenzake. Semeni: tuna kiasi hiki, twadaiwa kiasi hiki, juma hili tufanye hivi.

Na watoto wasisahauliwe. Mtoto anayekuona alfajiri mgongo tu, na usiku hasira tu, atafikiri biashara ndiyo mzazi wake wa kambo. Kula naye mara moja kwa siku. Jambo hilo halina gharama.

Mtaji wa tatu: mwili

Punda akilemewa husimama. Mchuuzi akilemewa huongeza mwendo, mpaka aanguke. Sikiliza basi mashauri haya.

1. Usitoke nyumbani bila kula. Uji wa mtama, au viazi na maharage, wakutosha. Chukua na maji yaliyochemshwa. Mtu mwenye njaa hukosea hesabu na hukasirikia wateja.

2. Gawa mzigo. Ni afadhali safari mbili, au kulipana na mwenye chukudu, kuliko kupakia mzigo mmoja uvunjao mgongo. Mama mwenye mimba asibebe mzigo mzito.

3. Jihadhari na vidonge vya maumivu. Wengi wabebao mizigo humeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku, tena bila chakula. Vidonge hivyo vyaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Watu husema, "Mawazo yamenipa vidonda vya tumbo." Mawazo huongeza maumivu, ni kweli. Lakini vidonda vingi huletwa na kijidudu kiitwacho Helikobakta, au na vidonge hivyo. Waganga Marshall na Warren wa Australia walikigundua kijidudu hicho mwaka 1982, na mwaka 2005 wakapewa tuzo la Nobel. Kijidudu chatibika. Kwa hiyo usijiambie kwamba tumbo litapona biashara ikipona. Njoo upimwe.

4. Pima shinikizo la damu, hasa ukiisha kupita miaka 40. Ugonjwa huu hauna kelele. Kipimo kikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, siku mbili mbalimbali, wahitaji msaada. Punguza chumvi, kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyo katika chakula cha dukani. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu wajisikia vema. Wajisikia vema kwa sababu ya dawa.

5. Lala. Mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi. Pombe si dawa ya usingizi. Humlaza mtu upesi na kumwamsha saa nane ya usiku, moyo ukipiga.

Mawazo mengi

Kwetu mtu husema, "Niko na mawazo." Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Huko Harare, tangu mwaka 2006, mganga Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi katika benchi karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Bibi hatoi hotuba. Auliza shida, wazitaja zote, wachagua moja, mnatafuta pamoja hatua ndogo ya kufanya juma hili. Mwaka 2016 utafiti juu ya watu 573 ulichapishwa: walioketi na akina bibi walikuwa na huzuni na hofu chache zaidi, baada ya miezi sita, kuliko waliopata matunzo ya kawaida.

Jambo hili latufundisha nini? Kwamba mtu aliyepotewa hahitaji kwanza mashauri mengi. Ahitaji mtu mmoja wa kumsikiliza mpaka mwisho, na hatua moja anayoiweza. Bibi wa namna hiyo hakosekani katika mtaa wako. Mtafute. Au uwe wewe bibi huyo kwa jirani yako.

Lakini kama kwa majuma mawili huna furaha na lolote, hulali, huli, au umeanza kuwaza kwamba heri ufe, usingoje. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, akusindikize hospitali. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa; si aibu, wala si udhaifu wa moyo. Vilevile uso ukilegea upande mmoja, mkono ukikosa nguvu ghafula, au maneno yakivurugika, njoo upesi. Usingoje soko lifungwe.

Saburi ni nini?

Wengine hufikiri kwamba saburi ni kutopumzika, kutolia, kutoomba msaada. Sivyo. Mkulima wa Jomba hapandi viazi mwaka mzima shamba moja bila kulipumzisha, wala hatumwiti mvivu. Saburi ni kurudi kesho. Na ili urudi kesho, yakupasa kuacha nguvu ya kesho ndani ya mwili wako leo, na kuacha mlango wa kesho wazi kwa watu wako.

Yule mama wa maharage tuliyemfikiria, hana tena magunia mawili. Lakini mdai wake amsalimu barabarani. Mumewe ajua hesabu. Kikundi chake kimekutana tena, watu 11 badala ya 20. Mgongo wake haujavunjika. Je, ni maskini? Leo, ndiyo. Lakini ana mitaji miwili kati ya mitatu, na wa tatu waweza kuzaliwa na hiyo miwili.

Jiulize maswali haya jioni ya leo:

Je, najua nimepata au nimepoteza kiasi gani juma hili?

Je, yuko mdai ninayemkimbia?

Je, mwenzangu wa nyumbani ajua deni langu?

Je, nilikula kabla ya kutoka, nami nilipimwa damu mwaka huu?

Je, yuko mtu mmoja aliyesikia shida zangu mpaka mwisho?

Majibu yakiwa mengi ya "hapana," usifadhaike. Chagua moja tu, ulianze juma hili. Likiisha, shika la pili. Polepole ndio mwendo, na Bunagana wajua kutembea.