Masika ya Darajani, wageni wakishaondoka

Aprili ya mwaka 2022 Unguja ilikuwa na misimu miwili kwa mpigo. Nungwi, Kiwengwa na Paje mvua zilikuwa zimeshawaondoa wageni. Hoteli kadhaa zilikuwa zimefunga, na viti vya ufukweni vimerundikwa stoo. Mjini, Darajani, hapakuwa na pa kukanyaga. Ramadhani ilikuwa imeingia mwanzoni mwa mwezi, na kila alasiri watu waligombea ndizi za mkono wa tembo, majimbi, nazi na tende, wauzaji wakikosa hata nafasi ya kurudisha chenji kwa utulivu.

Sadfa hiyo imekwisha. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Ile ya 2026 imeangukia Februari na Machi, kaskazi ikivuma na vyumba vya hoteli vimejaa. Masika yamebaki bila Ramadhani na bila watalii, na kwa mwenye duka Darajani hesabu hiyo inagusa mtaji.

Utalii ndio unaoibeba Zanzibar, hilo halina ubishi. Wageni walioingia mwaka 2019 walikuwa 538,264. Korona iliwashusha hadi 260,644 mwaka uliofuata, ijapokuwa visiwa vilifungua milango mapema, mwezi Juni 2020. Mwaka 2023 walifika 638,498, na 2024 wakavuka 736,000. Kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara, sekta hii huchangia karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar na huingiza sehemu kubwa ya fedha za kigeni.

Ila jumla ya mwaka ina mengi inayoyaficha. Julai, Agosti, Disemba na Januari ndiyo miezi ya mavuno. Aprili na Mei ni miezi ya kujibana: Aprili peke yake, kwa wastani, hunyesha zaidi ya milimita 300 za mvua, na mtalii aliyelipia jua hana hamu ya kukaa chumbani akisikiliza maji yakipiga makuti. Viongozi wakisimama kutangaza idadi ya wageni hutaja mwaka mzima. Anayelipa kodi ya duka hulipa kwa miezi, na kodi haijui masika.

Mji huu haukuanza leo kuishi kwa msimu. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Uajemi na India yalishuka na kaskazi, yakatia nanga mbele ya mji na shehena za tende, chumvi, papa wakavu na mazulia, kisha yakangoja kusi iyarudishe kwao. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi moja la Kuwait msimu wa 1938 na 1939. Walifika Zanzibar, wakaenda delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, ndipo wakageuza tanga kurudi kaskazini. Majahazi yakiondoka, mtaa wa Malindi ulipoa. Leo wageni wanashuka kwa ndege, lakini ratiba yao haitofautiani sana na ile ya zamani. Paje ndiko mambo yalikobaki vilevile kabisa: wachezaji wa kaiti wanafuata kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi na kusi kuanzia Juni hadi Septemba, na upepo unaposita katikati, biashara ya kufundisha kaiti nayo husita.

Kufunga hoteli kwa wiki sita au nane ni uamuzi wa karatasi na kalamu. Mwenye hoteli hupima gharama ya umeme, mafuta ya jenereta, chakula kinachoharibika na mishahara, akaviweka kando ya mapato ya vyumba vichache kwa bei iliyokatwa. Hoteli kubwa za pwani ya mashariki zinazotegemea wageni wa vifurushi, zilizoanza kuota Kiwengwa na jirani zake na wageni wa Kitaliana katika miaka ya 1990, huona afadhali kufunga. Nyumba ndogo za wageni za Mji Mkongwe aghalabu hubaki wazi, zikijishikiza kwa bei ya mkaazi, warsha za mashirika na watu wa Dar es Salaam wanaovuka na boti siku za mapumziko.

Kwa mfanyakazi, masika huja kwa jina la likizo bila malipo, au mkataba wa msimu uliokwisha. Bahashishi zimekatika kabla ya mshahara. Wanaotoka Tanzania Bara hupanda boti kurudi Tanga, Moshi au Mwanza kusubiri simu ya Juni. Wenyeji hurudi shambani, kwenye mihogo na mpunga wa mabondeni, au baharini. Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake hawajawahi kufuata kalenda ya hoteli. Wao wanafuata bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha wazi vigingi na kamba zao. Mvua kubwa nazo haziupendi mwani, maana maji matamu hupunguza chumvi pwani, na bei yake haijawahi kumtajirisha mkulima. Lakini mwani hauhitaji ndege kutua.

Visiwa vya Ugiriki vinajua hali hii kwa sura nyingine. Huko baridi ndiyo inayofunga hoteli, kuanzia Novemba hadi Aprili, na vijiji vya pwani hubaki na wenyewe. Tofauti iko mfukoni. Mhudumu wa Kigiriki aliyefanya kazi siku za kutosha wakati wa joto na kuchangia bima hulipwa na serikali posho ya ukosefu wa ajira kwa sehemu ya baridi hiyo, na mwenye mizeituni huwa anavuna wakati huohuo. Unguja, anayemaliza mkataba wa msimu huegemea ndugu, shamba na upatu.

Papasi, ambao Agosti humganda mgeni kutoka Forodhani hadi Shangani wakimtajia safari ya pomboo, kisiwa cha kobe na mashamba ya viungo kwa lugha nne, masika huwakuta barazani wakicheza dhumna. Na mabaraza hayo ya mawe yana kazi ya pili: mvua ikigeuza vichochoro kuwa mito, wapita njia huyapanda na kuyatumia kama njia.

Ndani ya Mji Mkongwe, tofauti ya kipato kati ya mtaa na mtaa huonekana kwa dakika tano za kutembea. Maduka ya Gizenga, Hurumzi na Shangani yamejaa vinyago, picha za tingatinga, sanduku za njumu na fulana zenye maandishi ya kuchekesha. Mzanzibari hanunui hata kimoja kati ya hivyo. Mgeni akikosekana, muuzaji hana mteja wa akiba. Darajani iko nyuma tu ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, hatua chache kuelekea barabarani, na ukifika huko ni biashara nyingine kabisa. Soko Kuu, lililojengwa mwaka 1904 kwa ramani ya J. H. Sinclair, lilikaa pale mji wa mawe ulipopakana na Ng'ambo, kando ya hori iliyokuja kufukiwa. Lilijengwa kulisha watu wa pande zote mbili, na mpaka leo ndiyo kazi yake.

Meza ya viungo inaeleza jambo hili vizuri kuliko takwimu. Mbele, kwenye jicho la mpita njia, kuna vikapu vidogo vya ukili vilivyofungwa kwa nailoni, kila kimoja na pakiti tano au sita: mdalasini, iliki, karafuu, kungumanga, pilipili manga, na unga wa manjano ambao mgeni huambiwa ni zafarani. Bei ya kikapu hutajwa kwa dola, kisha huanza kushuka. Nyuma yake, kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, kuna bidhaa ileile kwa kipimo: nusu robo ya iliki kwa anayetaka kupika vitumbua, mdalasini wa vijiti kwa pilau, bizari nzima ya kusaga nyumbani. Faida ya kikapu kimoja huenda ikazidi ile ya wateja kadhaa wa gunia. Lakini masika vikapu hukusanya vumbi na unyevu, nailoni ikafifia, na gunia ndilo linalolipa nauli ya kurudi nyumbani. Muuzaji mwenye vikapu pasi na magunia huwa hayuko mezani ifikapo Mei.

Mnada wa samaki nao hubadilika, ingawa si kwa upande mmoja. Hoteli zikiwa wazi, wanunuzi wao hufika mapema kutafuta jodari, nguru, pweza na kamba wakubwa, na mama wa nyumbani hubaki na vibua na changu wadogo. Hoteli zikifunga, ushindani wa wanunuzi hupungua. Wakati huohuo kusi inaanza kuchafua bahari na ngalawa hazitoki kila siku. Kwa hiyo siku ambayo vyombo vingi vimerudi salama, nguru hufika kwenye jungu ambalo Agosti halimjui. Siku bahari ikikasirika, hata dagaa hupanda bei.

Wako pia wanaopata masika. Hoteli iliyofungwa ndiyo hoteli inayotengenezwa. Fundi wa rangi, seremala, fundi bomba na mtu wa viyoyozi hupigiwa simu kwa pamoja, wote wakitakiwa kumaliza kabla ya Juni. Makuti hushonwa vijijini, mengi na wanawake, yakapakiwa kwenye magari kwa mamia kwenda kubadilisha mapaa yaliyochoka. Kazi yenyewe hupigana na mvua: paa hufunguliwa asubuhi kukiwa na jua, likafunikwa kwa turubai kabla ya adhuhuri. Maduka ya misumari, rangi na mbao hayalalamikii Mei kama yanavyolalamika mengine.

Turudi kwenye kalenda ya mwezi, kwa sababu ndiko Darajani inakopata au kukosa mwaka wake. Wiki ya mwisho ya Ramadhani hakuna anayeuliza habari za watalii. Maduka na meza za barabarani hufanya kazi mpaka usiku wa manane. Magauni ya watoto, viatu, kanzu, kofia na mapazia mapya hutoka kwa kasi ambayo mwezi mwingine wowote hauijui. Mzigo huo umenunuliwa miezi kabla, Dubai au Guangzhou, mara nyingi kwa mkopo. Fedha inayoununua hutoka kwenye mishahara ya serikali, akiba za upatu, na jamaa walioko Oman, Uingereza na kwengineko wanaotuma chochote ili watoto wavae vipya.

Kuanzia 2021 hadi 2023 mkondo huo ulimwagika ndani ya masika, au ukingoni mwake, na ukaziba pengo ambalo hoteli zilikuwa zimeliacha. Sasa unamwagika juu ya msimu wa wageni. Ni neema ya mrundikano: Februari na Machi mji unapata mikono miwili ya fedha, kisha Aprili na Mei haupati hata mmoja. Kuna usumbufu pia. Mikahawa mingi hufunga mchana wa Ramadhani, wafanyakazi wa hoteli wanafunga saumu huku wakihudumia vyumba vilivyojaa, na tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Februari tangu 2004, linalazimika kuupisha mwezi ambao mwaka 2027 unatarajiwa kuanza tarehe 8 Februari hivi. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, limezoeleka katikati ya mwaka. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni Julai. Sherehe zote zinazojulikana nje zimepangwa pale ambapo wageni wangekuja hata bila ya kualikwa, na ni vigumu kuelewa kwa nini hakuna aliyezifikiria wiki za mwisho za Mei, mvua zikishaanza kupungua.

Kinachoingia kwenye masika badala yake ni Idi Kubwa. Mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, 2027 katikati ya mwezi huohuo, na 2028 siku za mwanzo za Mei. Ni sikukuu ya mfuko tofauti. Wanaofaidika kwanza ni wafugaji na wachuuzi wa ng'ombe na mbuzi, halafu wenye mchele na viungo vya pilau. Nguo hununuliwa, lakini si kwa pupa ile ya Mfunguo Mosi, na mfanyabiashara atakayeagiza mzigo wa Idi Ndogo akitegemea wateja wa Idi Kubwa atabaki na magauni yake.

Wanaopiga hesabu za mbali zaidi wameshautazama mwaka 2030. Kwa mahesabu ya falaki, Ramadhani itaanza mapema Januari mwaka huo, na nyingine itaanza mwishoni mwa Disemba uleule. Zote mbili zitaanguka katika kilele cha wageni, wakati nafasi kwenye meli na ndege ni ghali na bei za vyakula vinavyovushwa kutoka Bara zimeshapandishwa na majiko ya hoteli. Mzigo wa Idi ya kwanza utatakiwa uwe Darajani kabla ya Februari. Wa Ramadhani ya pili utaagizwa mwaka huohuo, kwa fedha itakayobidi ivuke Aprili na Mei bila kuguswa.