Tija: watu wachache si lazima gharama ndogo

Wafanyabiashara wa nafaka wa Nangwa wanao mfano jirani kabisa: mashamba saba ya ngano ya NAFCO wilayani Hanang, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Kila shamba lilikuwa na takriban ekari 10,000.

Kwa hesabu ya magunia kwa kila mfanyakazi, tija ilikuwa ya juu. Dereva mmoja wa kombaini huvuna eneo ambalo kwa mundu lingetaka kundi zima la vibarua. Lakini matrekta, vipuri na dizeli vilidai fedha za kigeni, na mashine ikiharibika wakati wa mavuno, dereva, fundi na wapakiaji wote hukaa bure. (Malisho waliyopoteza wafugaji wa Kibarabaig hayakuwemo katika hesabu hiyo, wanakijiji wa Mulbadaw walifika hadi mahakamani miaka ya 1980.)

Mwenye mtaji mdogo anayekodi mashine ya kupukuchua mahindi hukabiliwa na jambo hilo hilo. Akiwalipa vibarua kwa siku, kila saa ya kusubiri mashine ni hasara yake. Akiwalipa kwa gunia, hasara inawahamia wao, hivyo watadai bei nzuri zaidi, na ni haki yao. Kwa vyovyote, magunia, sindano, uzi na turubai viwepo kabla mashine haijawashwa, na mshonaji asipewe kazi ya kubeba.