Kwa Nini Pete za Zohali Hung'aa na Kufifia?

Mwaka 1612 Galileo Galilei alielekeza darubini yake kwenye sayari ya Zohali, akashangaa. Vile vitu viwili alivyoviona kando ya sayari hiyo mwaka 1610 havikuonekana tena. Vilikwenda wapi?

Havikwenda popote. Zohali imezungukwa na pete za vipande vingi mno vya barafu, na pete hizo hazina nuru yake zenyewe: hurudisha tu mwanga wa jua. Ni pana sana, lakini ni nyembamba. Kwa sehemu kubwa unene wake ni makumi ya mita tu. Zohali imeinama kwa nyuzi karibu 27, nayo hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu. Kwa hiyo, kila baada ya miaka 15 hivi tunazitazama pete kwa ukingo, kama sahani iliyoshikwa usawa wa jicho, nazo hufifia hadi kutoweka machoni. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2009 na tena Machi 2025.

Iko sababu ya pili. Karibu kila mwaka Dunia hupita kati ya jua na Zohali. Hapo jua huwa mgongoni petu, na kila kipande cha barafu hufunika kivuli chake chenyewe tusikione. Pete hung'aa ghafla kwa siku chache. Mjerumani Hugo von Seeliger alilieleza jambo hili mwaka 1887. Wataalamu wa leo huongeza kwamba mawimbi ya mwanga yanaporudi kulekule yalikotoka huongezeana nguvu. Kwa sababu zinazofanana na hizo, mwezi mpevu hung'aa zaidi sana ya mara mbili ya nusu mwezi.

Fumbo la Galileo lilifumbuliwa na Mholanzi Christiaan Huygens, aliyeandika mwaka 1659 kwamba Zohali ina pete. Padre Honoré Fabri, Mjesuiti aliyeishi Roma, alimpinga, akishikilia kwamba ni miezi. Baadaye alikubali kwamba Huygens alisema kweli.

Sisi tunaojiandaa kufundisha wengine tuuangalie mfano wa padre huyo. Imani yake haikupungukiwa na kitu alipoikubali pete. Tena, kabla hatujasema kwamba nuru fulani imezimika, tuulize kwanza tumesimama wapi tunapoitazama.