Kidhibiti Joto cha Jiko la Kuchomea Nyama: Tambua Hitilafu Kabla ya Kudai Haki Yako

Jiko la kuchomea nyama lenye kidhibiti joto cha kielektroniki hutegemea sehemu tatu. Kihisi, yaani kijiti cha chuma chenye waya, hupima joto. Kidhibiti chenye kioo cha tarakimu hulinganisha joto hilo na lile uliloliweka. Feni inayopuliza mkaa, au koili ya umeme, hutekeleza amri ya kidhibiti. Sehemu moja ikiharibika, jiko zima huonekana bovu, na mlaji huweza kununua kidhibiti kipya ilhali ubovu uko kwenye waya tu.

Hasara si ya fedha peke yake. Nyama ya kuku hupaswa kufikia nyuzijoto 74 za Selsiasi katika sehemu yake nene. Kihisi kinachoonyesha joto kubwa kuliko lililopo huweza kuiacha ikiwa mbichi ndani. Kwa hiyo mlaji anashauriwa kufuata hatua zifuatazo kwa mpangilio.

1. Kagua umeme. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Jiko lililotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na adapta ya kubadili umbo la plagi haibadili volti. Kidhibiti huweza kuungua mara moja. Soma kibandiko cha jiko kabla ya kulichomeka. Kioo kisipowaka, jaribu soketi kwa kifaa kingine kizima, kisha kagua fyuzi ya plagi.

2. Kagua kipimo kinachotumika. Nyuzi 225 za Farenhaiti ni sawa na nyuzi 107 za Selsiasi. Huenda kidhibiti ni kizima, ila kimewekwa kwenye kipimo usichokizoea.

3. Kagua kihisi. Zima jiko, chomoa plagi na uache lipoe. Futa masizi na mafuta kwenye kijiti, kisha tazama kama waya umebanwa na mfuniko au kuungua. Ikiwa mwongozo wa jiko unaruhusu, tumbukiza ncha ya kijiti, si maungio ya waya, katika maji yenye barafu nyingi: kioo kionyeshe karibu na 0. Rudia kwa maji yanayochemka. Dar es Salaam kionyeshe karibu na 100. Arusha, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,400, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Tofauti ya nyuzi moja au mbili si hitilafu. Tofauti kubwa huonyesha kuwa kihisi au waya wake ndio wa kushukiwa kwanza.

4. Kagua utekelezaji. Kihisi kikisoma sawasawa, weka joto la juu kuliko lililopo. Feni au koili isipofanya kazi, tatizo liko kwenye kifaa hicho au kwenye kidhibiti. Kwa jiko la mkaa, joto likiendelea kupanda ingawa feni imesimama, usilaumu kidhibiti kwanza: kagua kama hewa inapenya kwenye mfuniko au mlango wa majivu.

Ishia hapo. Usifungue kidhibiti chenyewe. Ndani yake mna umeme unaoweza kuua, na kukifungua huweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa waranti. Ukisikia harufu ya kuungua au ukipigwa shoti, zima swichi kuu na usitumie jiko tena.

Andika tarehe, jaribio ulilofanya na namba iliyoonekana kwenye kioo, na upige picha. Peleka kumbukumbu hizo kwa muuzaji pamoja na risiti na kadi ya waranti, na uombe jibu la maandishi. Tangazo la dukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi lisikukatishe tamaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huzingatia kama bidhaa inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji mwenye kufanya biashara hiyo. Muuzaji akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlaji anayeweza kusema ni sehemu ipi imeharibika, na kwa jaribio lipi, hujibiwa kwa urahisi zaidi kuliko anayesema tu kwamba jiko ni bovu.