Wakili Mwema Hamchoshi Mjane

Mtu akiingia katika kesi huogopa mambo mawili: kushindwa na kungojea. Kushindwa huumiza mara moja. Lakini kungojea hula mbuzi, shamba na karo za watoto kidogo kidogo. Kwa hiyo wakili, ambaye wengi kwetu Kongo humwita avoka, hana wajibu wa kusema vizuri tu mbele ya hakimu. Yampasa pia kuwatumikia upesi na kwa uaminifu wale wanaomjia.

Mawakili wanaye msimamizi mbinguni, ndiye Mtakatifu Ivo. Alizaliwa mwaka 1253 huko Kermartin, karibu na mji wa Tréguier katika nchi ya Bretagne, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alisoma Paris, kisha akajifunza sheria Orléans. Akawa hakimu wa baraza la Kanisa, akapewa upadre, akaongoza parokia; wala hakuacha kuwatetea maskini bila malipo. Wagombanao walipomjia, alijaribu kwanza kuwapatanisha, ili wasipoteze mali na undugu wao barazani. Alikufa tarehe 19 Mei 1303, na Papa Klementi wa Sita akamtangaza mtakatifu mwaka 1347.

Husimuliwa juu yake habari ya mjane wa mji wa Tours, aliyekuwa na nyumba ya wageni. Wafanyabiashara wawili walimwachia mfuko, wakamwagiza asiutoe ila wakifika wote wawili pamoja. Baadaye mmoja akaja peke yake, akamdanganya, akauchukua na kutoweka. Wa pili akamshtaki mjane, akidai mali nyingi. Ivo alimsikiliza mama huyo mpaka mwisho, akalishika lile neno dogo: “pamoja”. Mbele ya baraza akasema kwamba sharti ni wote wawili wafike. Basi mshtaki amlete kwanza mwenzake. Yule mtu akakosa jibu, hila yake ikafunuliwa, na mjane akaokoka.

Tazameni: kesi ile haikumalizwa na maneno mengi, bali na sikio. Wakili anayemkatiza mtu wake kwa haraka hapati muda. Anaupoteza, maana neno aliloliacha leo litamrudisha nyuma kesho.

Jambo la pili ni kusema wazi. Katika mabaraza yetu karatasi nyingi huandikwa kwa Kifaransa, na mama wa kijijini hutia kidole chake asipojua anakubali nini. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu chake cha 18 chaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu. Ikiwa askari ameagizwa hivyo, je, wakili atamwacha mtu wake gizani?

La tatu ni kushika siku. Kifungu hicho hicho chakataza polisi kumweka mtu kizuizini zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka kwa wenye mamlaka ya sheria. Wakili aitwaye leo akifika baada ya juma zima, amemnyima mtu wake kinga hiyo. Vilevile, siku za kukata rufaa zikipita, haki yenyewe yaweza kupotea. Kitabu kimoja cha tarehe, kinachofunguliwa kila asubuhi, huokoa watu wengi. Na kama baraza limeahirisha kesi, wakili apeleke habari mapema, ili mzee asitembee kutwa nzima bure.

La nne ni fedha. Malipo yasemwe mwanzoni, yaandikwe, na kila franka itolewayo ipewe stakabadhi. Kesi ikiwa dhaifu, wakili aseme hivyo kabla ya kupokea kitu. Kumtia mtu tumaini la uongo ni kumwibia. Tena maskini hawakusahauliwa: sheria ya mwaka 1979 inayopanga kazi ya mawakili yataka iwepo ofisi ya kuwasaidia bure wasio na mali. Mwenye shida aulize habari zake bila haya.

Lakini mwenye kesi naye ana wajibu wake. Alete karatasi zote, afike siku aliyoitwa, aseme ukweli hata ule unaomwaibisha. Wakili aliyefichwa jambo ni kama mganga aliyefichwa kidonda.

Ninyi wanafunzi mnaotamani kazi hii, someni katika sura ya 18 ya Injili ya Luka habari ya mjane na hakimu aliyemchelewesha. Hakimu yule alimpa haki mwishowe kwa sababu alichoshwa naye tu. Mkristu asingoje kuchoshwa. Mjane akibisha hodi, na afunguliwe, asikilizwe, aambiwe kweli, kisha kazi yake ianze siku ile ile.